Pointi za Mjomba Wako

Daudi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizia afya, lakini yako sina haja ya kuiulizia, naisikia hapa dirishani. Wewe na mjomba wako Ndahani mnaosha pikapu, ndoo moja ya maji kwa gari zima kama tulivyozoea hapa Dodoma, na kila mkimaliza kusugua gurudumu moja mnasimama kwanza mcheke. Sijui mnacheka nini. Nimesogeza kiti mara mbili ili nisikie vizuri, kisha nikaona haya, nikarudi mezani.

Kesho asubuhi unaondoka naye kwenda Kibakwe kuanza kazi ya udereva. Mama yako ameshakwambia habari za chandarua, za sweta kwa ajili ya baridi ya milimani, na za kumwamkia bibi yako kwa adabu badala ya kumpungia mkono kwa mbali kama kijana wa mjini. Sitarudia hata moja. Mimi nina jambo langu moja, na limenishinda kulisema kwa mdomo, kwa sababu kila nikilianza linatoka na sauti ya wivu. Jana nilijaribu. Nilisema, "Daudi, kuhusu hiyo leseni yako," na mama yako akadakia kutoka jikoni:

"Baba Daudi, mwache mtoto aende. Wewe una wivu kuliko mke mwenza!"

Mkacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, maana mtu akiambiwa neno kama lile asipocheka amekubali.

Basi hapa nakubali. Ninamwonea wivu mjomba wako, na si wa juzi. Nakuandikia mapema ili usihangaike kuutafuta wivu huo katikati ya maneno yangu. Upo. Lakini kuna jambo jingine limekaa pamoja nao, ambalo lingekuwa kweli hata kama ningekuwa mtu mwenye roho nyeupe kabisa, na ndilo ninalotaka ulichukue. Wivu niachie mwenyewe.

Mjomba wako ni mtu ambaye akifika, nyumba inajua. "Mbukwenyi!" anaita tangu getini, na hata jirani yetu mzee Juma, aliyetoka Kondoa na asiyejua Kigogo zaidi ya salamu hiyo, anaitikia kutoka uani kwake. Mimi nikirudi kazini, mbwa huinua sikio moja. Mjomba wako anashuka kutoka Kibakwe na magunia ya vitunguu na maharage, anazipita kona ambazo mimi nisingethubutu kuzipita hata kwa miguu, na jioni anakuja kukaa kwenye kochi langu kusimulia. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kujua faili gani liko wapi, na faili likiwa mahali pake hakuna anayerudi nyumbani kulisimulia.

Mwaka huu umeanza kutembea kama yeye. Bega la kulia linatangulia, mkono umening'inia kidogo, kana kwamba upande huo daima kuna dirisha la gari la kuegemea. Unatupa taulo begani kama yeye. Ukicheka, unaanza chini na kumalizia juu kama yeye. Nimekutazama meza moja miaka yote hii nikitafuta kitu chako kinachotoka kwangu, nimeona masikio tu, na masikio hukuchagua.

Alipokuja Jumamosi kukuchukua, hakuomba. Unajua kwetu mjomba haombi mpwa. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Shemeji, nimemfuata mpwa wangu," kama mtu aliyesahau mwavuli. Ningemkatalia kwa mdomo gani? Ng'ombe wa mahari ya mama yako walifika zizini kwao, na siku ukioa atakaa mbele yangu. Nikasema sawa. Ndipo akasema lile lililonifanya nishindwe kula.

"Macho yangu yamechoka, na leseni yangu nayo imechoka," alisema huku akicheka. "Pointi za makosa zimejaa mle kama kunguni kwenye kitanda cha gesti. Nikiguswa tena kidogo tu, wananifungia. Sasa huyu kijana wetu leseni yake bado bikira, hata nzi hajatua juu yake. Tutaendesha kwa zamu. Tutasaidiana."

"Kusaidiana vipi, shemeji?" nikauliza.

"Ah, shemeji! Wewe ndiye wa kuniuliza hilo?" Akanipiga begani kwa nguvu. "Mwalimu wa kusaidiana ni nani, kama si wewe?"

Na wewe ukaruka kutoka kwenye kiti. "Mama, baba alivyohama kiti siku ile! Kama chui! Nakwambia trafiki wenyewe hawakujua limepita nini!" Ukasimama katikati ya sebule ukaonyesha nilivyoruka, nilivyozunguka mbele ya pikapu, nilivyoshika usukani. Ulinifanya niwe mrefu kuliko nilivyo. Mama yako alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Na mimi, Daudi, nilijaa. Nilikaa pale nikapenda kila neno. Dakika nzima nilikuwa mimi ndiye unayenisimulia, na mjomba wako ndiye aliyekaa kusikiliza. Baadaye nikiwa naoga ndipo hofu iliponishika, kwa sababu niliona wazi kuwa hicho ni kisa pekee unachokijua kunihusu mimi, na ndicho unachokwenda nacho Kibakwe.

Kwa hiyo sikiliza kisa hicho kama kilivyokuwa upande wangu wa gari.

Ulikuwa darasa la saba. Tulikuwa tunarudi kutoka harusini Kongwa, watatu kwenye kiti kimoja cha mbele, yeye kwenye usukani, wewe katikati, mimi dirishani nimepakata sufuria la wali tuliopewa tumletee mama yako. Njia nzima mliongea ninyi wawili. Uliniambia jambo moja tu tangu tulipoanza safari, nalo lilikuwa, "Baba, sogeza goti." Tulipita kwenye kijiji chenye kibao cha hamsini, na mjomba wako hakupunguza mwendo, alikuwa anakusimulia habari ya fisi. Mbele kidogo, karibu na Mbande, lori lililokuwa linakuja lilituwashia taa, na dereva akatoa mkono akauzungusha. Mimi nilidhani anasalimia. Mjomba wako alinyamaza ghafla.

"Nimepigwa tochi ya mwendo kule kijijini," akasema. "Wananisubiri mbele."

Akasimamisha gari kwenye bonde, pale barabara inapozama na huonekani kutoka upande wowote. Akafuta uso kwa kiganja. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya hapo, na nitakwambia ukweli, ilinipendeza.

"Shemeji," akasema, "nikiandikiwa hii leo, wananifungia. Nitawalisha nini watoto? Wewe huna hata pointi moja. Kaa hapa kwangu. Faini nitalipa mimi."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na leseni niliyoitunza kama cheti cha ubatizo, na gari letu dogo nyumbani, na nilijua kuwa anachokiomba si haki. Neno "hapana" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikakutazama. Wewe hukuwa unanitazama mimi. Ulikuwa unamtazama yeye, mkono wake kwenye gia, kama mtoto anayetazama mtu anayechukuliwa. Halafu ukanigeukia, ukasema, "Baba, msaidie mjomba."

Nilishuka mbio na sufuria mkononi. Sehemu hiyo ya chui ni ya kwako, mimi nakumbuka nikiwa na sufuria. Yeye akapita juu yako kwenda dirishani, mimi nikakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto lake, nikaendesha mpaka kwa trafiki nikiiachia klachi vibaya kiasi kwamba gari lilikuwa linarukaruka. Yule askari alikuwa kijana mdogo kwangu. Nilimwambia shikamoo. Akashangaa, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaomba leseni.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha?"

"Ndiyo, afande."

Akanitazama mimi, akakutazama wewe. Na wewe, kabla hajakuuliza chochote, ukaitikia kwa kichwa.

Hapo pasimulie pia, ukisimulia tena. Askari yule alifanya kazi yake sawasawa. Aliandika jina lililokuwa kwenye leseni aliyopewa.

Njia yote kutoka pale mpaka nyumbani uliegemeza kichwa begani mwangu. Upande wangu, si wake. Mjomba wako aliimba. Faini aliilipa yeye mwenyewe kesho yake, kama alivyosema, maana si mtu wa kukwepa, na sote tukaona mambo yamekwisha. Ndilo kosa letu, na ndilo kosa ambalo madereva wa barabara ile wanalifanya kila siku wakidhani wamepeana msaada wa jirani kwa jirani. Faini mtu yeyote anaweza kukulipia, ikilipwa imekufa. Pointi hazilipwi. Hazikai kwenye gari, hazikai kwa mwenye gari, hazimfuati aliyekanyaga mafuta. Zinakaa kwenye leseni iliyotolewa dirishani. Kosa kubwa linaleta nyingi, dogo linaleta chache, nazo zinangoja wenzao. Zikifika kikomo, leseni inafungiwa, na hakuna namba ya malipo ya kuifungulia. Unangoja muda wako uishe.

Zangu zilipata wenzao. Sitakudanganya kuwa zote zilikuwa za mjomba wako. Siku moja sikusimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, nilikuwa nawaza barua ya bosi. Siku nyingine nilichoka kufuata lori la kokoto nikalipita kwenye mstari usiokatika. Hayo ni yangu, na nilistahili. Lakini peke yake yasingenifikisha popote. Yaliwakuta wageni wamekaa ndani. Nilipoambiwa nimefungiwa, nilitaka kusema kuwa zile za kwanza si zangu, nikakumbuka nilivyosema "Ndiyo, afande," kwa mdomo wangu, na mtoto akaitikia kwa kichwa.

Huo ndio mwaka ulioanza kidato cha kwanza kule Kongwa, bweni.

Sasa unajua kwa nini gari letu "liliumwa" muda mrefu vile. Halikuwa na ugonjwa. Nililifunika turubai nikakwambia injini, na wewe kwa wema wako ukawa unaniuliza, "Baba, bado halijapona?" Mama yako alijua nimefungiwa, lakini nilimwambia ni kwa ajili ya lori la kokoto. Siku ya kukupeleka shule, nilibeba godoro lako mpaka getini nikalipakia kwenye pikapu ya mjomba wako. Leseni yangu ililala ili yake ibaki hai, na yake iliyobaki hai ikaja kumchukua mwanangu. Aliwasha gari, akasema, "Shemeji, ondoa wasiwasi, nitamfikisha." Ukapunga mkono. Nilisimama pale nimeshika kifuniko cha ndoo yako ulichosahau.

Ningetaka mimi ndiye nikuone ukishika shuka kwenye kitanda cha juu usijue pa kuanzia. Aliona yeye. Alisimulia vizuri sana.

Kifungo changu kiliisha, lakini safari za Kongwa zilikuwa zimeshapata mwenyewe. Na kwenye ile nchi pana, mashamba yale ya zamani ya karanga ambako unaweza kwenda moja kwa moja bila kukutana na mti, akakufundisha kuendesha. Ulirudi likizo ukaniambia, "Baba, mjomba kanifundisha klachi!" Hujui kuwa nilikuwa nimeyapanga maneno ya kukufundisha klachi. Nilikuwa nayapanga ofisini, nikiwa peke yangu kati ya makabati, mguu wangu wa kushoto ukipanda na kushuka chini ya meza. "Iachie kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia." Nilipenda sana sentensi hiyo. Ulipokuja na habari yako nilisema, "Vizuri," nikatoka nje kwenda kulifunika gari ambalo lilikuwa limeshafunikwa.

Hata nilipoanza tena kuendesha, nilikuwa nimekuwa dereva wa namna ile unayoijua. Siku ile ulikaa nyuma ukasema, "Baba, tumepitwa na baiskeli ya maziwa." Nilicheka nawe. Ndani nilikuwa nahesabu vibao vya barabarani kama mtu anayepita katikati ya mbwa.

Mjomba wako hajui habari hii mpaka leo. Utajiuliza kwa nini sikumwambia. Kwa sababu angeniomba radhi. Angekuja na mbuzi, angekaa pale kwenye kochi, angeniomba radhi vizuri kuliko mimi ninavyoweza kusamehe, na ninyi mngezidi kumpenda. Hivyo ndivyo wivu unavyofanya kazi, mwanangu, unamnyima hata adui yako nafasi ya kuwa mwema. Na wala si adui yangu. Ni kaka wa mke wangu, na pale nyumba yetu ilipoezuliwa na upepo yeye ndiye aliyefika kwanza na mabati.

Sasa hivi, nakuandikia hapa, nimemsikia akisema, "Mpwa, ukikiosha kioo hivyo watu wataniona mpaka roho!"

Na wewe: "Roho yako mjomba ina vumbi la Kibakwe nzima, halitoki kwa ndoo moja!"

"Mshenzi wewe! Njoo nikumwagie!"

Mimi hujawahi kunitania hivyo. Nikikuita unakuja umenyooka, unasema, "Naam, baba." Nilidhani hiyo ndiyo heshima niliyoitafuta. Leo ningeibadilisha yote kwa utani mmoja wa roho yenye vumbi.

Basi nirudi kwenye jambo langu kabla hamjamaliza kuosha.

Siku itafika. Sijui kama ni mwezi huu au mwakani, lakini nyote wawili mkiwa kwenye gari moja, yeye kwenye usukani, itafika. Atakuwa anasimulia, ataona taa za gari linalokuja, atanyamaza. Atatafuta bonde. Atasema, "Mpwa, sogea hapa kwangu." Hatasema kwa ubaya. Atasema kwa mapenzi, kama mtu anayemwomba nduguye maji, na kama leseni yake ingekuwa na nafasi angeweza kubeba za kwako siku yoyote bila kunung'unika. Tatizo haina nafasi. Atakutazama kwa macho yale, nami nayajua, nilihama kiti kwa ajili ya macho ambayo hata hayakuwa yananitazama mimi.

Wewe unataka kuendesha mabasi makubwa. Uliniambia tukiwa tunachambua mchele, pengine hukumbuki. Ulisema unataka siku moja uvae shati jeupe, uwe na abiria waliolala nyuma yako kwa sababu wanakuamini. Nimelitunza neno hilo kwa sababu hukuwa umemwambia mjomba bado, nilikuuliza. Mtu atakayekupa basi hatakuuliza unaimba vipi njiani. Atataka kujua leseni yako ina historia gani, na huwezi kumwambia hizi za katikati si zangu. Nami sijui namna yoyote ya kuzitenganisha. Nilizitafutia njia, na unajua mimi nikitafuta kitu kwenye karatasi nakipata.

Halafu kuna jambo ambalo nikiliandika mkono unakuwa mzito. Siku moja haitakuwa tochi. Itakuwa mtu amelala barabarani na sufuria lake au baiskeli yake, na mjomba wako atakuwa na hofu ileile, na kiti ni kilekile. Aliyezoea kuhama kwa ajili ya jambo dogo, miguu yake inakuwa imeshajifunza njia.

Najua utasema nimwambie yeye mwenyewe. Nimemwambia. Juzi nilimsindikiza getini, nikasema, "Shemeji, huyu mtoto asitoe leseni yake kwa kosa lako." Ilinichukua kutoka mlangoni mpaka getini kulitoa. Alisimama, akaniweka mkono shingoni.

"Shemeji," akasema, "unamwogopea mwanao barabara, au unaniogopea mimi?"

Majibu nilikuwa nayo mawili, na yote yalikuwa kweli, nikashindwa kuchagua. Akaenda zake akipiga mluzi. Tangu hapo nimejiuliza: kama anayekuchukua angekuwa mtu nisiyemwonea wivu, ningekuandikia barua hii? Nadhani ningeandika. Ila ingekuwa fupi.

Ukiwa wewe ndiye unayeendesha, na umekosea, toa leseni yako na uandikiwe. Nawe utakosea, kila mtu hukosea, na usije ukaniona nimekutuma barabarani kutafuta utakatifu. Pointi zako zichukue. Zitakufundisha kitu kwa sababu utakumbuka mguu wako ulikuwa wapi. Zangu za lori la kokoto zilinifundisha. Zile za Mbande hazikunifundisha lolote kuhusu barabara.

Na kile kisa, Daudi, nakuomba usikifuate. Ninajua ninachokiomba. Nimekusikia ukiwasimulia wenzako pale nje, "Mzee wangu mnamwona mpole, lakini siku ile!" Nilisimama nyuma ya mlango mpaka ulipomaliza. Sina kisa kingine. Nimejaribu kukumbuka kingine cha kukupa badala ya hicho nikakosa, labda yule nyoka wa chooni, lakini unajua kuwa aliyemuua ni mama yako. Ukikiacha hiki nitabaki karani anayepitwa na baiskeli ya maziwa, na mjomba wako atabaki na visa vyote vilivyopo kati ya hapa na Mpwapwa. Nimelipima hilo tangu Jumamosi. Liniume.

Lakini najua pia huwezi kumtazama mjomba wako usoni ukamwambia hapana. Mimi mtu mzima nilishindwa. Kwetu ni aibu, na watu wa Kibakwe wataisikia kabla gari halijapoa. Kwa hiyo usilibebe wewe neno hilo, nisingizie mimi. Akisema, "Mpwa, sogea," mwambie, "Mjomba, baba amenikataza. Unamjua baba alivyo mwoga."

Atacheka. Atasema shemeji yake aliharibika tangu alipoanza kulala na mafaili. Atakusimulia nilivyomwamkia shikamoo askari mdogo kwangu, jambo ambalo nilitumaini amelisahau. Mwache asimulie. Na ukishindwa kujizuia cheka naye, mimi nitakuwa masjala, sitasikia. Mwambie na la baiskeli ya maziwa, hilo halijui. Nichekeni mpaka Kibakwe. Ila kila mmoja anicheke akiwa kwenye kiti chake.

Baba yako